BETRI NDIYO GHALA: HISTORIA YA UMEME USIOTEGEMEA NGUZO KATIKA NCHI JIRANI

Tarehe 7 Juni, 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalishia umeme cha Gitaru, katika mto Tana nchini Kenya, akateleza na kuangukia transfoma. Transfoma hiyo ikajizima, mashine nyingine zikaelemewa na mzigo, na zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mara moja. Kwa muda wa saa kadhaa nchi ya Kenya ilikuwa haina umeme wa taifa. Tumbili mwenyewe alisalimika. Magazeti ya dunia yalilifanya jambo hilo kuwa kichekesho, na kwa hakika lina upande wa kuchekesha. Lakini ndani yake limo swali lisilokuwa la mzaha hata kidogo: inakuwaje shughuli za mamilioni ya watu zitegemee mtambo ambao mnyama mmoja anaweza kuuzima?

Mchana huo zilikuwako nyumba ambazo hazikuguswa. Vijijini, mbali na nguzo, walikuwako watu waliopata habari za kukatika kwa umeme kutoka redioni, na redio yenyewe ilikuwa ikisema kwa nguvu ya betri iliyojazwa na jua. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuieleza historia ya umeme wa namna hiyo katika nchi jirani za Kenya na Zambia, na jambo tunalotaka kulionyesha ni moja: kwamba kiini chake ni betri. Watu wengi huitazama paneli iliyo juu ya paa, ama huitazama taa iliyo darini. Betri imewekwa nyuma ya mlango au chini ya kitanda, wala hakuna anayeitazama. Hata hivyo, kila mara betri iliposahauliwa, gharama ililipwa. Na mara nyingi aliyelipa ni yule asiyekuwa na cha kulipia.

Umeme uliingia Kenya mapema. Mwaka 1908 miji ya Mombasa na Nairobi ilikuwa tayari na makampuni ya umeme, na mwaka 1922 makampuni hayo yaliunganishwa kuwa kampuni moja, East African Power and Lighting. Ilikuwa kampuni ya biashara katika nchi iliyotawaliwa, na waya zake zilifuata fedha: bandari, mitaa ya maofisa, viwanda na mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 serikali ilijaribu kuurekebisha mwelekeo huo, na mwaka 1973 ikaanzisha mpango maalumu wa kupeleka umeme vijijini. Lakini kijiji cha nyanda za juu za Kenya si kundi la nyumba zilizopangana kando ya barabara. Kila mkulima hukaa katika shamba lake, na baina ya jirani na jirani kuna migomba, mibuni na bonde. Nguzo nyingi huhitajika ili kuifikia nyumba moja, na nyumba yenyewe hutumia taa tatu na redio. Kwa hesabu za kampuni, hapakuwa na faida. Hivyo miaka ya 1980 ilipoingia, sehemu kubwa kabisa ya wakulima walikuwa bado wakitumia kandili na koroboi, ingawa nyaya kubwa zilipita juu ya mashamba yao zikipeleka umeme wa mto Tana hadi Nairobi.

Hapo ndipo betri ilipoingia. Na inafaa ikumbukwe kwamba iliingia kabla ya jua. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na katika miaka ya 1976 na 1977 wakulima wa kahawa wa Kenya walipata fedha nyingi kuliko walivyozoea. Wao, pamoja na walimu na watumishi wengine wenye mshahara, walijenga nyumba za mabati, wakanunua redio, na baadaye televisheni ndogo zisizo za rangi zilizoweza kutumia umeme wa volti 12. Nayo volti 12 ndiyo nguvu ya betri ya gari. Basi betri ya gari ikaingia sebuleni. Ilipokwisha nguvu ilifungwa nyuma ya baiskeli, au ilipakiwa katika matatu, ikapelekwa mjini kwa mwenye chaja. Huko iliachwa mpaka ijae, kisha ikarudishwa kwa njia ile ile, pamoja na asidi yake inayotoboa nguo. Mwenye nyumba hakuwa amenunua umeme kwa maana tunayoifahamu. Alikuwa akichota umeme mjini kama watu wanavyochota maji kisimani, na betri ndiyo ndoo yake.

Paneli ya jua ilikuja kumwondolea safari hiyo. Kifaa cha kwanza cha silikoni kilichoweza kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme wa kufaa kilionyeshwa hadharani na maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1954, na miaka minne baadaye kilirushwa angani katika satelaiti ya Vanguard 1. Kwa muda mrefu bei yake ilikuwa ya satelaiti na mitambo ya simu ya nyikani, wala haikuwa ya mkulima. Katika miaka ya 1980 bei hiyo ilikuwa imeshuka kiasi cha kumwezesha mhandisi mmoja Mmarekani, Harold Burris, kufungua katika nyanda za Mlima Kenya biashara aliyoiita Solar Shamba. Mwaka 1984 alipata mteja aliyeleta mabadiliko makubwa: shule ya sekondari ya Harambee ya Karamugi, huko Meru. Mwalimu mmoja wa kujitolea wa shule hiyo, Mark Hankins, aliushawishi uongozi wake ufunge umeme wa jua mahali pa kununua jenereta ya dizeli. Taa zikawaka madarasani bila kelele wala moshi. Walimu walioziona wakataka za kwao nyumbani; shule nyingine zikafuata; na vijana wa pale pale wakafundishwa kufunga paneli, kuunganisha waya na kuangalia maji ya betri.

Katika miaka iliyofuata biashara hiyo ilienea bila ya msukumo mkubwa wa mradi wa serikali. Mwaka 1986 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa forodha juu ya paneli, ingawa baadaye siasa ya kodi iliyumba mara kwa mara. Hata katika karne hii, msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya jua uliondolewa mwaka 2013, ukarudishwa mwaka 2014, ukaondolewa tena mwaka 2020, na kurudishwa mwaka 2021. Kiwanda cha Associated Battery Manufacturers cha Nairobi, kilichozoea kutengeneza betri za magari, kilianza kutengeneza betri iliyorekebishwa kwa matumizi ya nyumbani. Maduka ya miji midogo yakaanza kuuza paneli ndogo za wati 10 hadi 14 kando ya misumari na mbolea. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba zaidi ya nyumba 100,000 nchini Kenya zilikuwa na umeme wa jua. Zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha taslimu, kidogo kidogo: leo betri, mwakani paneli, baada ya mavuno taa ya pili. Wataalamu wengi wa nchi za nje walisafiri kwenda kutazama jambo hilo, kwa kuwa wakulima walikuwa wamelifanya kabla ya wataalamu kulipangia mpango.

Pamoja na sifa hizo, ukweli lazima usemwe. Soko lisilokuwa na mlinzi huvutia wezi. Mwaka 1999 watafiti walizipima paneli zilizokuwa zikiuzwa Kenya, wakakuta kwamba aina moja ilitoa umeme pungufu sana kuliko ulioandikwa nyuma yake. Mkulima aliyeinunua hakuwa na chombo cha kuupima. Alichokiona ni kwamba televisheni ilizimika mapema, na lawama akaitupia betri.

Mara nyingi, lakini, betri kweli ilikuwa imekufa; na hapa tunapaswa kutua kidogo ili tueleze sababu. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Betri ya gari imetengenezwa kwa bamba nyembamba nyingi ili itoe nguvu kubwa kwa muda mfupi wa kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja na mashine ya gari. Haikukusudiwa kuachwa tupu. Ikitumiwa mpaka ikaribie kwisha, na ikikaa hivyo siku kadhaa, chumvi ngumu hujishika katika bamba zake, na kila siku ghala hupungua ukubwa. Betri ya jua ina bamba nene zaidi na huvumilia zaidi, lakini nayo ina mpaka wake. Mafundi wazuri hushauri kwamba betri ya risasi isitumiwe kupita nusu ya akiba yake. Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Walisema kweli kuhusu mahindi na fedha. Akiba ya betri huoza, na huoza upesi zaidi mikononi mwa mtu anayeimaliza yote.

Tuchukue hesabu iliyo wazi. Betri ya volti 12 yenye ukubwa wa saa-ampea 100 ina akiba ya saa-wati 1,200. Nusu yake ni 600, na hiyo ndiyo mali halisi ya mwenye nyumba. Taa sita za kisasa za wati 5 kila moja, zikiwaka saa 4, hutumia saa-wati 120. Hapo hapana taabu. Lakini paneli ya wati 20, katika siku yenye jua zuri la saa 5, haiwezi kurudisha zaidi ya saa-wati 100. Tayari matumizi yameshinda mapato, na taa ndizo peke yake zilizowashwa. Aliyekuwa na paneli ndogo ya miaka ya 1990 na televisheni iliyowaka kila usiku alikuwa anaiua betri yake polepole, bila ya kufanya kosa ambalo angeweza kuliona kwa macho.

Baadaye televisheni za rangi zikaenea, pamoja na vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa mjini. Umeme wa betri ni mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja kama maji ya mfereji. Umeme wa nguzo ni mkondo geu wa volti 240, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Chombo cha kuugeuza wa kwanza uwe wa pili huitwa inveta. Wazo lake si geni. Tangu zamani wahandisi walitumia mota inayozungushwa na mkondo mnyoofu ili nayo izungushe jenereta ya mkondo geu, na mwaka 1925 mhandisi David Prince wa kampuni ya General Electric ya Marekani alichapisha makala iliyolitumia neno inveta kwa kifaa kisichokuwa na mtambo wa kuzunguka. Lakini mpaka transista zenye nguvu zilipokuwa rahisi, inveta haikuwa kitu cha dukani. Zilipokuwa rahisi, ilijaa madukani, na kwa mara ya kwanza nyumba isiyokuwa na nguzo iliweza kuwa na soketi ukutani sawasawa na nyumba ya mjini.

Soketi hiyo ilileta raha, ikaleta na hatari. Nyumba ya volti 12 ilikuwa na nidhamu ya lazima: hapakuwa na njia ya kuchomeka pasi. Soketi haimwulizi mtu anachomeka nini. Pasi ya wati 1,000 ikichomekwa katika inveta ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 90 kutoka betri, na ile betri yetu ya saa-ampea 100 itavuka mpaka wake wa salama katika muda wa nusu saa hivi. Zaidi ya hayo, inveta yenyewe hula. Inveta ya wastani inayotumia wati 10 kwa kukaa tu ikiwa imewashwa, bila ya chombo chochote kuchomekwa, itakula saa-wati 240 kwa siku moja. Hizo ni mara mbili ya matumizi ya zile taa sita. Wengi wamezilaumu betri zao kwa uharibifu uliofanywa na sanduku lililokuwa likinguruma kwa upole pembeni mwa chumba.

Wakati huo huo kompyuta zilikuwa zimeenea maofisini, na pamoja nazo kile kisanduku kinachowekwa chini ya meza, ambacho wafanyakazi hukiita UPS. Kwa undani wake kisanduku hicho ni betri ndogo, chaja na inveta vilivyofungwa pamoja. Betri yake mara nyingi ni ya volti 12 na saa-ampea 7, na kazi yake ni kumpa mtumishi dakika chache za kuhifadhi kazi yake umeme unapokatika. Haikuchukua muda kabla ya mafundi wa mitaani kugundua kwamba UPS kuukuu iliyotupwa kwa sababu betri yake imekufa ni inveta ya bei rahisi. Waliifungua, wakatoa waya nje, wakaiunganisha na betri kubwa ya gari.

Ubunifu huo unastahili heshima, na mara nyingi ulifanya kazi. Lakini ulikuwa na mitego mitatu. Kwanza, transfoma ya kisanduku kile ilipimwa kwa dakika chache. Ikifanyishwa kazi saa tano mfululizo bila feni hupata joto la kuunguza, na nyumba zimewahi kupata moto kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Pili, chaja yake ni dhaifu. Ikiwa inatoa ampea 1, betri ya saa-ampea 100 itahitaji zaidi ya siku nne kujaa, na umeme hukatika tena kabla ya siku nne. Tatu, UPS nzima ikichomekwa katika inveta ya bei ndogo, ambayo umeme wake hauna umbo laini la mawimbi kama wa nguzo, mara nyingi huukataa umeme huo kwa kudhani ni mbovu, na huanza kutumia betri yake yenyewe. Matokeo ni kwamba betri kubwa inamalizwa na inveta isiyofanya kazi, betri ndogo inamalizwa na kompyuta, na mwenye nyumba anabaki gizani na ghala mbili tupu.

Fundi anayeijua kazi yake hufuata kanuni zilizo rahisi kusema. Betri mbili za volti 12 zikifungwa kwa mfululizo hutoa volti 24. Zikifungwa sambamba hubaki volti 12, na akiba huwa maradufu. Kwa njia zote mbili, betri mpya haifungwi na kuukuu, kwa kuwa iliyo dhaifu huidhoofisha iliyo nzima. Waya baina ya betri na inveta huwa mnene na mfupi, na fyuzi huwekwa karibu na betri. Chumba hupewa hewa, maana betri ya asidi inapojazwa hutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Na kabla ya yote hayo, matumizi ya siku huandikwa katika karatasi, chombo kwa chombo, saa kwa saa. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko kanuni nyingine zote.

Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza Kenya umeme wa jua kwa mkopo uliolipwa kwa simu, kupitia huduma ya M-PESA iliyokuwapo tangu mwaka 2007. Mteja alitoa malipo ya kwanza, kisha akalipa kiasi cha shilingi 40 hadi 50 za Kenya kila siku kwa muda wa mwaka hivi. Mtambo wenyewe ulikuwa mdogo: paneli ya wati 8, taa chache, chaja ya simu na redio. Haukuwa na inveta, na kwa sababu hiyo betri yake ndogo ilitosha. Lakini ndani yake mlikuwamo kitu kipya katika historia tunayoieleza, nacho ni kufuli. Asiyelipa, mtambo hujifunga kwa amri iliyotumwa kwa mawimbi ya simu, hata kama jua linawaka na betri imejaa. Wapo waliosema kwamba huo ni ukombozi, kwa kuwa mtu asiyeweza kununua kwa fedha taslimu sasa aliweza. Na wapo waliosema kwamba mkulima aliyekuwa mwenye ghala amekuwa mpangaji wa ghala. Pande zote mbili zina hoja. Mtu aliyeumaliza mkopo akabaki na taa zake atakubaliana na wale wa kwanza, na yule aliyezimiwa taa wiki ya ada za shule atakubaliana na wale wa pili.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya watu wasiofikiwa na nguzo. Lakini nchi jirani ya Zambia imetuonyesha kwamba hata mwenye nguzo anaweza kuwa hana umeme. Bwawa la Kariba, katika mto Zambezi, lilikamilika mwaka 1959 na kufunguliwa rasmi mwaka 1960. Ziwa lake ni miongoni mwa maziwa makubwa kabisa yaliyotengenezwa na binadamu, na watu wa kabila la Watonga wapatao 57,000 walihamishwa ili kulipisha. Kwa miaka mingi Zambia ilitegemea maji ya Kariba na ya mto Kafue kwa sehemu kubwa sana ya umeme wake. Ziwa nalo ni ghala. Ni betri ya taifa inayojazwa na mvua. Mvua zilipokuwa haba, mwaka 2015 nchi iliingia katika mgao wa saa 8 na zaidi kwa siku, na mgao ukarudi mwaka 2019. Januari 2023 maji ya kuzalishia umeme yaliyosalia Kariba yalishuka chini ya asilimia 1 ya kiwango chake. Kisha ukaja ukame wa mwaka 2024, ambao Rais Hakainde Hichilema aliutangaza tarehe 29 Februari kuwa janga la taifa. Katika miezi iliyofuata, nyumba nyingi za Lusaka na miji ya Copperbelt zilikuwa na umeme kwa saa chache tu kati ya saa 24.

Wenye saluni, wenye mabucha, wachomeleaji na wasagaji nafaka walisimamisha kazi, au waliifanya usiku wa manane umeme uliporudi. Waliokuwa na uwezo walinunua inveta na betri, wengi wao betri mpya za lithiamu, ambazo huvumilia kutumiwa sehemu kubwa zaidi ya akiba yao na huishi miaka mingi kuliko za risasi. Wasiokuwa na uwezo walirudi katika mkaa na mishumaa. Ukame mmoja uliwagawa wakazi wa mtaa mmoja katika makundi mawili, na mpaka baina yao ulikuwa betri. Vile vile iligunduliwa tena kwamba betri isiyokuwa na paneli humtegemea yule yule aliyekatika: umeme wa nguzo unaokuja saa 3 kwa siku hautoshi kuijaza betri ya kuhudumia saa 21. Taifa na mwenye nyumba walijifunza somo lile lile kwa wakati mmoja. Aliyeweka akiba katika ghala moja linalojazwa kwa njia moja hajaweka akiba ya kutosha.

Limebaki swali moja ambalo wauzaji hawalitaji: betri ikifa, inakwenda wapi? Kwa jibu hatuna budi kurudi Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Huko kiwanda kimoja kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za risasi ubavuni mwa nyumba za watu, kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Risasi ni ile ile, iwe imetoka katika basi au katika sebule ya mkulima. Moshi na maji machafu ya kiwanda hicho yaliingia katika udongo, katika mabati ya kuvunia maji ya mvua, na katika damu ya watoto. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa humo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini. Alianza kuwakusanya majirani, akakamatwa, akatishwa, wala hakunyamaza; na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikairudisha. Katika miaka hiyo yote ya kesi, watoto wa Owino Uhuru waliendelea kukua na risasi iliyokuwa imekwisha kuingia mifupani mwao.

Kisa hicho hakimaanishi kwamba umeme wa betri ni laana. Moshi wa koroboi nao umewaumiza wengi, na mwanafunzi anayesoma usiku kwa taa safi amepata haki yake. Kinachoonyeshwa ni kwamba betri ni deni linaloanza siku inaponunuliwa. Betri ya risasi inaweza kuyeyushwa na kutumika tena karibu yote, mradi kazi hiyo ifanywe mahali panapostahili, chini ya sheria inayotekelezwa. Betri za lithiamu zinazoingia kwa wingi katika miji ya Zambia na Kenya nazo zitakufa siku yao. Zitahitaji mahali pa kupelekwa, na huu ndio wakati wa kuuliza mahali hapo ni wapi, kabla mtaa mwingine haujalijibu swali hilo kwa afya ya watoto wake.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Majirani zetu wametuonyesha kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kujipatia umeme bila ya kuingoja nguzo, na anaweza kuendelea na kazi yake nguzo inapomwangusha. Wametuonyesha pia kwamba nchi inayoruhusu paneli za uongo, inayobadilisha kodi kila mwaka, isiyowafundisha mafundi wake wa mitaani, na isiyojua betri zake kuukuu ziko wapi, huwaachia wanyonge mzigo wote. Kuwafundisha mafundi hao na kuzikusanya betri zilizokufa ni kazi za gharama ndogo zikilinganishwa na bwawa jipya. Atakayeanza na hizo atakuwa ameanza mahali pa haki, yaani pale nyuma ya mlango, ilipowekwa betri.